Podikasti za burudani: anzia hapa, usianzie kule

Wengi walioacha podikasti nzuri hawakuiacha kwa ubaya wake. Waliianzia pasipofaa. Programu nyingi za kusikilizia huweka sehemu mpya kabisa juu ya orodha, na kidole hubonyeza kilicho karibu. Kwa maongezi ya kuchekesha hakuna neno. Kwa hadithi inayofuatana, ni kama kuingia barazani zimwi limeshapasuliwa tumbo: wenzako wanashusha pumzi, wewe hujui hata lilimmeza nani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ipi nzuri", uliza "ni ya aina gani". Kuna zinazofuatana, ambazo sehemu ya kwanza ndiyo mlango pekee. Kuna zinazojitegemea, ambazo unaingilia popote. Na kuna chotara: kila sehemu ina kisa chake na mwisho wake, lakini chini kwa chini kuna uzi unaokua taratibu mpaka unakuwa kamba. Chotara ndizo zinazowapoteza wengi, kwa sababu ukiingilia katikati unaelewa kiasi cha kudhani umeelewa yote.

Simu kwanza

Podikasti ya kawaida ni faili la sauti, mara nyingi MP3, linalotangazwa kupitia anwani ya RSS, yaani kiungo kinachoijulisha programu sehemu zilizopo na mpya zinapotoka. Faili la kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika, yaani kama MB 58 kwa saa. La kilobiti 64, ambalo linatosha kabisa kwa watu wanaoongea, hula MB 29 hivi. Video ya maongezi yale yale kwa 480p huweza kufika MB 400 hadi 600 kwa saa. Watu wawili waliokaa kwenye viti hawabadiliki sura saa nzima; hakuna haja ya kulipia bando ili kuwatazama.

Kwa Android, AntennaPod ni chaguo zuri: ni ya bure, haidai akaunti, na ukiipa anwani ya RSS inaipokea. Mwenye iPhone tayari ana Apple Podcasts. Pocket Casts inafanya kazi kote kuwili. Spotify humruhusu hata asiyelipa kupakua podikasti (nyimbo ndizo za kulipia), ila huwezi kuibandikia anwani ya RSS. Utapata zile zilizosajiliwa humo tu.

Ukishaweka programu, fuata mpangilio huu:

1. Kabla ya kufuata podikasti yoyote, ingia kwenye mipangilio uzuie kupakua kwa data ya simu. Ruhusu Wi-Fi peke yake. Kama huna Wi-Fi, iache imefungwa na uifungue kwa makusudi tu, kwa mfano unapotumia kifurushi cha usiku.
2. Zima upakuaji wa kujiendesha. Ukiuacha kwa podikasti kumi zenye sehemu mpya kila wiki, simu itajaa vitu ambavyo hukuviomba.
3. Washa kipengele cha kufuta faili likishasikilizwa.
4. Fungua ukurasa wa podikasti husika ubadilishe mpangilio uwe wa zamani kwanza, ikiwa ni ya kufuatana au chotara. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.
5. Pakua sehemu tatu, si thelathini.

Jambo moja kuhusu kusikiliza bila kupakua: ukibonyeza kucheza moja kwa moja, sauti inavutwa mtandaoni, na ukiirudia kesho huenda ikavutwa upya kutoka kwenye bando lako. Ukipakua, unalipia mara moja.

Mazoezi ya Kiswahili: Karandinga

Kwa anayeanza kabisa, mlango mwepesi ni michezo ya redio ya idhaa ya Kiswahili ya DW, inayotangaza kutoka Bonn, Ujerumani. Karandinga ni mfululizo wao wa visa vya upelelezi, na jina lenyewe halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuliona lile gari la polisi likikata kona mtaani. Sehemu zake ni fupi, za dakika kumi na kitu, na waigizaji wanaongea Kiswahili cha watu.

Kinachoifanya ifae kwa mazoezi ni ufundi wake. Mchezo wa redio hauna sura, kwa hiyo kila mtu lazima ajulikane kwa sauti, na kila mahali pajulikane kwa mlio: mlango wa bati, pikipiki, jogoo. Sikio likishazoea kuyashika hayo, utakuwa tayari kwa podikasti nzito zaidi. Tatizo ni moja. Michezo tofauti hukaa kwenye orodha moja, na kila mmoja una sehemu yake ya kwanza. Usisogee tu chini ya orodha. Tafuta jina la mchezo mmoja, hakikisha umepata sehemu zake zote, ndipo uanze. Ukikuta ya tatu na ya tano bila ya nne, itafute kwenye tovuti ya DW Kiswahili.

Nyumbani pia kuna maongezi. Salama Jabir, ambaye Watanzania walimzoea kwenye Mkasi na kwenye meza ya majaji wa Bongo Star Search, anafanya Salama Na: mgeni mmoja, maongezi marefu, na jina la mgeni ndilo linalokamilisha jina la kipindi. Uzuri wake ni kwamba haharakishi. Anamrudisha mgeni utotoni, mtaani, shuleni, na mara nyingi jambo lenye uzito linatoka baada ya nusu saa, mgeni akishasahau kamera. Kwa hiyo usimpime kwa dakika kumi za mwanzo. Chagua mgeni unayejua kazi yake lakini hujui maisha yake.

Kenya, Adelle Onyango ana Legally Clueless, kwa Kiingereza kilichochanganyika na lugha ya Nairobi. Mara nyingi kuna sehemu mbili ndani yake: kwanza yeye anaongea, kisha msikilizaji wa kawaida anasimulia kisa cha maisha yake mwenyewe. Ukiona utangulizi haukukamati, usizime. Sogeza mbele hadi kisa. Hapo ndipo kipindi kinapobeba uzito wake.

Vipindi vingi vya Afrika Mashariki hurekodiwa kwa ajili ya YouTube kwanza. Kabla ya kufungua video, tafuta jina lile lile kwenye programu yako ya podikasti. Mara nyingi sauti peke yake ipo, na bando linapona. Ikiwa ipo YouTube tu, shusha ubora hadi 144p, na ujue kwamba YouTube ya bure husimama ukizima kioo.

Serial, na karatasi mkononi

Serial ilianza tarehe 3 Oktoba 2014, ikitoka kwa watengenezaji wa This American Life, kipindi cha redio cha Marekani kilichoanza Chicago mwaka 1995. Mtangazaji ni Sarah Koenig. Msimu wa kwanza una sehemu 12, jumla yake saa 8 na ushei. Kwa kilobiti 128 tenga kama MB 500. Ndiyo podikasti ya kwanza kupata Peabody, tuzo ya utangazaji ya Marekani, na wengi waliofuata walinakili mtindo wake, si wote kwa mafanikio.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1999 mwanafunzi wa sekondari, Hae Min Lee, aliuawa katika eneo la Baltimore, na aliyekuwa mpenzi wake, Adnan Syed, akahukumiwa kifungo cha maisha. Koenig anaifungua kesi upya, si kama wakili bali kama mtu anayeshindwa kulala. Wiki hii anaamini hivi, wiki ijayo anayumba, na hafichi kuyumba kwake. Hapo ndipo penye thamani: unasikia akili ya mtu ikifanya kazi, pamoja na makosa yake.

Namna ya kuisikiliza:

Anza na sehemu ya kwanza, bila mjadala. Chukua karatasi, andika majina manne kadiri yanavyotajwa: Hae, Adnan, Jay, Jenn. Karibu na kila jina andika saa na mahali anaposema alikuwa siku ile. Upande wa mashtaka ulijenga hoja juu ya dakika 21 baada ya shule kutoka, na sehemu ya tano inampeleka Koenig na mtayarishaji mwenzake barabarani kuzipima hizo dakika kwa gari. Asiyeandika chochote hufika hapo akiwa amechanganyikiwa, kwa sababu minara ya simu, maegesho na saa za kupiga simu hutajwa kwa kasi. Sikiliza sehemu moja kwa siku, mbili ukizidiwa. Ilitolewa kila wiki, na imeandikwa ikutegemee uondoke na swali.

Maandishi ya kila sehemu yapo kwenye tovuti yake. Simu za gerezani zina mkwaruzo, na lafudhi za Baltimore si zile za sinema; maandishi hayo yatakusaidia.

Anayetaka kubaki gizani aruke aya hii. Kesi haikuishia pale podikasti ilipoishia. Hukumu ilifutwa Septemba 2022 na Syed akatoka; mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha; mwaka 2025 hakimu akapunguza kifungo kiwe miaka aliyokwisha kukaa, hukumu yenyewe ikibaki. Kwa familia ya Hae, hii haikuwahi kuwa burudani, na msikilizaji mwungwana hulikumbuka hilo hata pale simulizi linapokuwa tamu.

Zinazochekesha: ingia popote, lakini kwa mgeni unayemjua

Off Menu ya Waingereza Ed Gamble na James Acaster, iliyoanza 2018, ni mfano wa jinsi kanuni ndogo inavyozaa kicheko kikubwa. Mgeni anakaribishwa kwenye mgahawa wa ndoto. Gamble ndiye msimamizi wa ukumbi, Acaster ni jini mhudumu anayeweza kuleta chakula chochote kutoka popote. Mgeni anapitishwa hatua kwa hatua: maji ya kawaida au ya gesi, papadi za Kihindi au mkate, chakula cha kwanza, chakula kikuu, cha pembeni, kinywaji, kitamu cha mwisho. Swali la papadi au mkate jini hulipiga kelele ghafla, kwa hiyo punguza sauti ya hedifoni maji yanapotajwa. Pia kuna kiungo cha siri: mgeni akikitaja, anafukuzwa.

Kwa nini inafanya kazi? Ukimwuliza mtu maarufu kuhusu kazi yake, anakupa majibu aliyokwisha kuyatoa mara mia. Ukimwuliza mkate, anamtaja mama yake. Sehemu ya kwanza kusikiliza iwe ya mgeni unayemfahamu, ili utani kuhusu yeye usikupite. Baada ya tatu za namna hiyo, wageni usiowajua nao watakufaa, maana utakuwa umeshawazoea wenye nyumba.

SmartLess (2020) ya waigizaji Jason Bateman, Sean Hayes na Will Arnett ina kanuni nyepesi zaidi: mmoja analeta mgeni, wenzake wawili hawajui ni nani hadi anapotokea. Inafaa jikoni. No Such Thing as a Fish (2014) ni ya watafiti wanne wa kipindi cha maswali cha QI, kila mmoja na jambo moja la ajabu alilolipata wiki hiyo. Unaweza kuikata katikati ukashuka daladala, ukaendelea jioni bila hasara.

Onyo kwa aina hii yote: usiongeze kasi kupita 1.0, na zima kipengele cha kuruka ukimya. Kicheko kimekaa ndani ya ule ukimya. Programu ikiukata, mchekeshaji anasikika kama mtu anayesoma risiti.

Kwa wapenda muziki

Song Exploder ya Hrishikesh Hirway, iliyoanza 2014, inachukua wimbo mmoja na kuufungua kama fundi anavyofungua injini. Msanii analeta nyuzi za kurekodia zikiwa zimetenganishwa: ngoma peke yake, besi peke yake, sauti ya kuitikia peke yake. Anaeleza kila moja ilivyopatikana, na Hirway anaitoa sauti yake mwenyewe kwenye mahojiano ili abaki msanii na wimbo. Mwishoni wimbo unapigwa mzima.

Utaratibu: chagua wimbo unaoujua. Usikilize mara moja, kisha sikiliza sehemu yenyewe, ambayo mara nyingi haizidi nusu saa, na ule wimbo wa mwisho usiuzime. Unausikia mara ya pili ukiwa na masikio mengine. Gitaa ambalo hukulijua lipo sasa linakuita. Hedifoni ni lazima, zote mbili. Spika ya simu haina besi, na sikio moja linakupa nusu ya nyuzi, kwa kuwa nyingine zimepangwa upande wa pili. Kama hedifoni yako imekufa upande mmoja, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, uwashe sauti ya mono. Pande zote zitachanganywa zije kwenye sikio lililobaki.

Desert Island Discs ya BBC ina umri wa babu: ilianza redioni tarehe 29 Januari 1942, ikibuniwa na Roy Plomley. Mgeni anatupwa kwenye kisiwa kisicho na watu akiwa na rekodi nane, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na kazi za Shakespeare anapewa bila kuomba. Zaidi ya sehemu 2,000 zipo kwenye hifadhi yake. Watu hulalamika kwamba nyimbo zinakatwa. Kwenye podikasti ni kweli, sababu ni hakimiliki. Dawa ni kuandika nyimbo nane za mgeni na kuzitafuta pembeni. Mtego wake mtamu ni kwamba ikifika ya tatu, tayari unapanga nane zako, na Mpwani yeyote atakwama pale pale: taarab ngapi?

Giza likiingia

Welcome to Night Vale ilianza Juni 2012, kazi ya Joseph Fink na Jeffrey Cranor, kwa sauti ya Cecil Baldwin. Inajifanya kituo cha redio cha mji mdogo jangwani. Mtangazaji anasoma matangazo ya jamii kwa upole uleule wa redio yoyote ya mkoa, ila matangazo yenyewe ni kwamba bustani ya mbwa imefunguliwa, mbwa hawaruhusiwi, watu hawaruhusiwi, na usiitazame kwa muda mrefu. Ukisikia "hali ya hewa", usisubiri mvua. Hapo hupigwa wimbo mzima wa msanii huru.

Hii ni chotara. Katika sehemu ya pili kuna wingu linalong'aa linalodondosha wanyama waliokufa juu ya mji. Kichekesho chenyewe kinaiva baadaye sana, wingu hilo linaporudi kama mjumbe wa bodi ya shule, na asiyesikiliza ya pili atabaki ameduwaa. Sikiliza 1 hadi 4 mfululizo, dakika 20 na kitu kila moja. Kama ya nne haijakupata, acha kwa amani. Haitabadilika.

The Magnus Archives, ya Jonathan Sims na kampuni ya Rusty Quill, ni ya kutisha kweli. Ilianza 2016, ikaisha 2021: sehemu 200, misimu mitano ya arobaini arobaini. Mtunza nyaraka wa taasisi moja ya London anasoma ushahidi wa watu waliokutana na yasiyoelezeka, akirekodi kwa kaseti kwa sababu kompyuta hukataa ushahidi fulani. Mwanzoni utadhani ni visa vya kujitegemea. Si kweli. Andika majina ya watu na vitabu tangu mwanzo. Jina la Leitner, kwa mfano, linaingia katika sehemu ya nne kama jambo dogo, na litarudi tena na tena. Nyuzi zinaanza kukutana hadharani mwishoni mwa msimu wa kwanza, katika 39 na 40. Kosa la kawaida ni kuruka zile "zisizo na maana" katikati. Nyingi kati ya hizo ndizo msingi.

Sauti ya sehemu za mwanzo ni ya chini na ina mvumo wa kanda. Mvumo huo ni wa makusudi. Ukipandisha sauti sana kwenye basi utaumizwa na mlio unaofuata; hii isikilizwe mahali tulivu. Na usiisikilize njiani juu ya bodaboda, si kwa sababu ya majini bali kwa sababu ya malori. Barabarani sikio moja libaki wazi daima.

Yanayokwama, na sababu zake

Dakika uliyoelekezwa na rafiki haifanani na yako. Matangazo huingizwa kwenye faili wakati wa kupakua, kulingana na nchi na siku, kwa hiyo 14:20 ya Mombasa huweza kuwa 16:05 ya Muscat. Elekezaneni kwa maneno yanayosemwa.

Sehemu za zamani hazionekani. Baadhi ya podikasti huacha sehemu chache za karibuni kwenye orodha, nyingine hufungia za zamani kwa wanaolipa. Angalia tovuti ya podikasti yenyewe kabla ya kukata tamaa. This American Life huweka hifadhi yake hapo.

Kati ya sehemu ya sita na ya saba kuna kitu kisichohusika kabisa. Huo ni utangazaji wa podikasti nyingine ya watengenezaji walewale. Namba ya sehemu ndiyo mwongozo, si nafasi yake kwenye orodha.

Unapitwa na Kiingereza. Shusha kasi hadi 0.9, chini ya 0.8 sauti huanza kuburuta. Tafuta maandishi: Magnus na Night Vale nazo zinayo. Soma dakika tano za kwanza, kisha sikiliza bila kusoma.

Unabadilisha simu. Katika AntennaPod na Pocket Casts toa faili la OPML kupitia mipangilio, ujitumie kwa barua pepe, ulifungue kwenye simu mpya. Orodha yote ya podikasti unazofuata itarudi. OPML haibebi mahali ulipofikia ndani ya kila sehemu, kwa hiyo andika namba: Magnus, 87.